Ndege Watatu wa Kuazima

Shairi langu la kwanza liliandikwa juu ya picha ambayo haikuwa yangu, na ambayo sikuwa nimeitazama. Nimeona niseme hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa watu wengine wakisimulia walivyoanza kuandika husema walianza kwa mapenzi, au kwa huzuni, au kwa wito. Mimi nilianza kwa uongo wa neno moja, na nikatolewa humo na watu walionizidi akili.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu nitoke chuo cha ualimu, nami nilikuwa nikifundisha darasa la tatu katika shule ya misheni. Tuliishi Kamalondo, mama na mimi, katika nyumba ya matofali ya vyumba viwili aliyotuachia baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli hadi alipofariki. Wazazi wangu walikuwa wametoka upande wa Mitwaba kabla sijazaliwa, na mama hakuwahi kuuona mji wa Élisabethville kuwa kitu cha kumtisha. Aliuona kama shamba jingine, lenye vumbi jekundu zaidi na majirani walio karibu zaidi.

Katika miaka hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa ikitoa karte maalumu kwa Waafrika iliowahesabu kuwa wamestaarabika. Mwenye karte hiyo hakuguswa na fimbo, wala polisi hawakumsumbua sana akichelewa kurudi kutoka upande wa wazungu. Niliitamani kwa sababu niliyoiona kuwa safi: nilidhani mwalimu mwenye karte atasikilizwa akisimama kuwatetea wanafunzi wake. Bado naamini sababu ile ilikuwa safi. Njia ndiyo iliyokuwa na tope.

Kabla ya kutoa karte, watu wa kamati walikuja nyumbani kwako. Walitazama kitanda na choo, walifungua kabati, walitaka kujua mnakula juu ya nini na mnashika nini mnapokula. Kwa hiyo Kamalondo ilijitengenezea desturi yake. Aliyekuwa na kitambaa cheupe cha meza alikitoa kwa jirani aliyekuwa akitembelewa. Uma na visu vilipita uani vikiwa vimefungwa ndani ya taulo. Taa ya kioo ilivuka barabara mikononi mwa mwanamke aliyejifanya anakwenda kuchota maji. Jioni vyote vilirudi kwa wenyewe. Tuliviita vitu vya kutembea. Hakuna aliyeona aibu, na hakuna aliyezungumza juu yake kwa sauti.

Siku yangu ilipofika, fundi cherehani wa mtaa wetu, mzee aliyetoka Kasai zamani, aliniazima picha. Ilikuwa picha ya rangi kwelikweli, si karatasi iliyokatwa katika kalenda. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kuchora katika karakana ya wachoraji alikuwa amelala miezi minane nyuma ya duka la fundi, na alipohama aliacha picha ile kama shukrani. Ilionyesha ndege watatu weupe kati ya majani mengi sana, na majani yenyewe yalitengenezwa kwa vidoadoa vya kijani na manjano, maelfu, kama mtama uliomwagwa. Tuliitundika ukutani, juu ya meza. Ili kupata nafasi, na ili nyumba ionekane kama nilivyodhani inapaswa kuonekana, mama alitoa kinu chake, mkeka wake, kiti chake kifupi na beseni lake, akavipeleka kwenye kibanda cha jiko nyuma ya nyumba.

Walikuja watatu: mzungu mmoja wa utawala, bibi mmoja wa kizungu aliyehesabu mashuka, na pamoja nao Mwafrika mmoja waliyemchukua kama shahidi wa tabia njema ya watu wa mtaa. Huyo wa tatu nilimfahamu vizuri kupita nilivyotaka. Alikuwa karani mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusoma na kuandika, ambacho nilikuwa nimekubaliwa humo mwezi mmoja tu uliotangulia. Aliwafuata nyuma chumba kwa chumba. Mwishoni alisimama mbele ya picha, mikono nyuma, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu, hii tablo ni yako?"

Mzungu aligeuka kunisikiliza.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Jioni ile ndege walirudi kwa fundi, na mama alirudisha beseni lake ndani. Nilifikiri jambo limekwisha.

Jumapili iliyofuata kikundi kilikutana. Tulikuwa watu saba wenye tai, waalimu, makarani na mhudumu mmoja wa hospitali, na kila mmoja wetu aliamini, kwa uzito ambao sasa unanifanya nitabasamu, kwamba maendeleo ya watu weusi yalitegemea kwa sehemu yake uzuri wa sentensi zetu. Siku hiyo mwenyekiti alitaka kutufundisha namna ya kuanza shairi.

"Musianze na moyo," alituambia. "Moyo kila muntu iko nao, na yote inafanana. Muanze na kitu. Kitu cha nyumba yako, kiko mbele yako, unakiona kila siku. Na ukimaliza, siye tutakuja kwako, utatusomea mbele ya kile kitu, tukiwa tunakiona na macho yetu. Vile hautaweza kutudanganya."

Kisha akanielekea. "Weye mwalimu, uko na ile tablo. Andika juu yake."

Ningeweza kusema wakati ule. Neno lilikuwa fupi: si yangu. Lakini alikuwa ameyasikia majibu yangu mbele ya mzungu wa kamati. Kama ningesema kweli, niliona mbele yangu mambo matatu yakifuatana bila kizuizi: yeye, mtu mnyofu, analazimika kupeleka habari, karte inazuiwa, na mwalimu aliyeiambia serikali uongo anaondolewa mbele ya watoto. Niliitika. Nikaandika shairi kwa jioni moja tu, kwa kumbukumbu, kuhusu ndege ambao nilikuwa nimekaa nao chini ya siku mbili, na muda wote huo nilikuwa nikitazama mlango.

Nilimpelekea mwenyekiti nakala. Aliikunja bila kuisoma mbele yangu, akaitia ndani ya mfuko wake wa ngozi. "Muzuri. Jumapili ijayo tutaisikia kwako."

Hivyo, Jumamosi mchana, nilikwenda kwa fundi kuomba ndege kwa mara ya pili. Alikuwa mlangoni pa duka lake, mguu juu ya pedali ya cherehani, suruali ya mtu magotini.

"Mwalimu! Bazungu banarudia kwako? Walisahau kuhesabu nini?"

"Hapana, baba. Ni wenzangu wa kikundi. Naomba picha mara moja tu tena."

"Mara moja tena, mara moja tena. Aba bandege banasafiri kupita gari la moshi." Alitema uzi. "Wenzako, wanatafuta nini na bandege yangu?"

Nilimweleza. Aliposikia kwamba kuna shairi, aliacha kushona kabisa, akaweka suruali kando na kukunja mikono kama mtu anayengoja mahubiri. "Basi soma. Kama ni bandege yangu, masikio ya kwanza ni yangu."

Nilisoma nikiwa nimesimama, kama tulivyofundishwa chuoni, na sauti yangu, nakiri, ilinipendeza mwenyewe:

"Ndege watatu weupe, mwaelekea nuruni,
Giza la mwitu mwaacha, mwapaa hadi mbinguni,
Nami nipeni mabawa, nitoke humu gizani."

Beti zilizobaki zilikuwa za namna hiyohiyo.

"Inaimba muzuri," fundi akasema. "Lakini ni bandege gani?"

"Hawa wa picha yako."

"Aba habaruki."

"Wameinua mabawa, baba."

"Kuku wangu naye anainua mabawa. Kuya uone."

Aliingia ndani, akaishusha picha kutoka juu ya kitanda chake, akaileta kwenye mwanga wa mlango. Kwanza alinionyesha miguu. Kucha zote zilikuwa zimeshika tawi, tena kwa nguvu, hata tawi lilipinda. Kisha alichukua sindano kubwa, na kwa ncha yake, bila kuigusa rangi, akafuata mstari wa vidoadoa vya manjano kutoka pembeni, chini ya majani, ukipanda, ukizunguka, ukipanda tena. Nilikuwa nimeona majani. Sasa niliona nyoka. Alikuwa mnene kama mkono wangu, akipita picha nzima, na kichwa chake kilikuwa kimefika karibu na kitu cha mviringo ambacho nacho nilikuwa nimekiona kuwa jani.

"Na hapa?"

"Kiota," nikasema.

"Ndani?"

"Yai."

"Voilà. Banapigia nyoka kelele. Ule kijana alinambia yeye mwenyewe, akikaa pale ulipo: baba, siku moja mama yangu alisimama ku mlango na mwiko mukononi, nyoka alikuwa anakuya mu nyumba, siye watoto tunalala ndani. Ile siku njo alichora." Akanitazama juu ya miwani yake ya kushonea. "Sasa weye unabapeleka bandege mbinguni. Na yai, unaliachia nani?"

Akacheka, akacheka mpaka akashika mlango, na mpita njia mmoja akasimama kuuliza kuna nini, akaambiwa kuna mwalimu amepandisha kuku mbinguni. Nilitaka kukasirika. Lakini macho yangu yalikuwa yamerudi kwenye picha, na sikuweza kuyatoa. Kila kitu ndani yake kilikuwa kimebadilika bila kidoa kimoja kusogea. Nilikuwa nimeishi miaka mitatu chuoni nikitaja neno uzuri karibu kila siku, na mtu anayekata suruali ndiye aliyenifundisha kwamba uzuri wenyewe nilikuwa siuoni.

Hata hivyo alinifungia picha ndani ya kitambaa cha kaki. "Beba. Kesho utaweka mukono wako pale kwa nyoka, hakuna atamuona. Na weye hukumuona."

Nilibeba. Hili ndilo linaloniumiza kidogo hata leo, kwamba baada ya yote yale nilibeba. Nilijiambia kuwa ni siku moja tu, kwamba shairi linaweza kurekebishwa, kwamba ukweli utakuja baadaye, nikiwa na karte mkononi na uwezo wa kutenda mema. Niliingia nyumbani, nikaegemeza picha ukutani, nikaanza kutafuta nyundo.

Mama alikuwa akipepeta unga. Aliona kitambaa, akaona umbo lake. Alimwaga unga ndani ya chungu, akakung'uta beseni, akaliweka kiunoni, akachukua kiti chake kifupi kwa mkono mwingine, akaanza kwenda nyuma kwenye kibanda cha jiko. Alikuwa anatoa vitu vyake bila kuambiwa, kama mtu anayefunga dirisha akisikia ngurumo.

Mlangoni akasimama. "Bazungu banarudia?"

"Hapana, mama. Ni wenzangu tu."

"Beko beusi?"

"Ndiyo."

"Na mbele yao vilevile nitoe vitu yangu?"

Hakusema kwa uchungu. Aliuliza kama alivyouliza siku nyingine kama ninataka chumvi zaidi. Alitaka kujua ili asikosee. Nilimtazama, na mambo yote matatu niliyokuwa nikiyaogopa yakawa madogo, si kwa sababu yaliacha kuwa ya kweli, bali kwa sababu niliona kitu kikubwa kuliko hayo kikiwa kimesimama mlangoni na beseni kiunoni.

"Rudisha, mama," nikasema. "Mimi ndiye ninatoa."

Nikabeba picha tena mpaka kwa fundi. Alinipokea bila mzaha, isipokuwa mmoja: "Bamechoka?"

"Wamefika nyumbani," nikamjibu.

Asubuhi ya Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilikaa kwenye meza na kitabu changu cha mazoezi, nikafanya lile nililokuwa nimeagizwa tangu mwanzo: nikatazama kitu cha nyumba yangu. Nilichagua beseni kwa kuwa lilikuwa karibu. Lilikuwa la bati lililopakwa rangi nyeupe ya kung'aa, ukingo wa buluu, na lilikuwa limetoboka mara tatu. Tundu moja lilizibwa kwa lami. La pili fundi wa mabati alilipigia ribiti, msumari mfupi uliobondwa pande zote mbili. La tatu mama mwenyewe alilipitishia kipande cha kitambaa, akakifunga fundo ndani na fundo nje. Nilijaribu kuandika hayo tu. Ilikuwa kazi ngumu ajabu. Kalamu ilitaka kukimbilia mbinguni kila mstari, nami nikairudisha chini kama unavyomrudisha mtoto anayechezea kisima. Kufikia adhuhuri nilikuwa na mistari minane.

Walifika saa tisa, wote sita, tai zimekazwa, viatu vimefutwa vumbi kwa majani mlangoni. Mama aliwapa viti, kisha akakaa kwenye kiti chake kifupi karibu na mlango wa nyuma, akichambua maharagwe. Mwenyekiti hakuketi mara moja. Alitazama ukutani, juu ya meza, pale penye msumari mtupu.

"Mwalimu, bandege beko wapi?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yenye utangulizi. Yaliyotoka hayakuwa hayo.

"Baba Mwenyekiti, picha haikuwa yangu. Niliiazima kwa siku ya kamati. Uliponiuliza kama ni yangu nilikuambia ndiyo, na haikuwa kweli. Na shairi ulilonalo ni la mtu ambaye hakuitazama picha. Najua unapaswa kufanya nini. Naomba tu msidhani kwamba mama yangu alihusika."

Nilisikia haragwe moja likianguka ndani ya beseni. Mwalimu mwenzangu aliyekaa karibu na dirisha alianza kukohoa, na mhudumu wa hospitali akatazama viatu vyake kwa makini sana. Mwenyekiti aliketi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akafungua mfuko wake wa ngozi, akatoa karatasi. Hazikuwa moja. Zilikuwa tatu.

"Hii ni ya mwalimu," akasema. "'Ndege watatu weupe, mwaelekea nuruni.' Basi. Hii ingine ni ya mwaka uliopita." Akasoma kwa sauti ileile kavu ya karani: "'Enyi ndege wa amani, mwaruka kwenda nuruni.'" Aligeuza karatasi. "Na hii ni ya wakati wa mvua. 'Watatu wenye mabawa, wavuka kwenda nuruni.'"

Kikohozi cha dirishani kilikuwa kimekuwa kibaya.

"Mimi na kamati tumeisalimia ile tablo mu nyumba tatu," mwenyekiti akaendelea. "Ya kwanza niliamini. Nikamwambia mwenye nyumba: andika, tutakuja kusikia. Siku ikafika, akanambia tablo ilianguka, ikapasuka. Nikasema pole. Ya pili, nikaona: ah, imepona! Nikamwambia naye: andika. Akanambia aliituma kwa mjomba, Mitwaba. Nikasema muzuri, mjomba atafurahi. Ya tatu ninaikuta kwa mwalimu. Kumbe imerudi kutoka Mitwaba, na haikuchoka!"

Mhudumu wa hospitali ndiye aliyeangua kicheko kwanza, naye alikuwa na haki, kwa kuwa mjomba wa Mitwaba alikuwa wake. "Baba, nisamehe," alikuwa akisema akijifuta machozi, "mjomba mwenyewe hayuko, alikufa zamani!" Yule wa dirishani akainua mikono kama mtu aliyekamatwa. "Ilianguka kweli, baba, lakini haikupasuka!" Nyumba nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nusu tu, kwa sababu nilikuwa bado sijajua serikali imeambiwa nini.

"Na ripoti, baba?" nikauliza kicheko kilipopungua.

Akanielewa. Uso wake ukawa wa upole, nao haukuwa uso uliozoea upole.

"Ripoti ilienda siku ileile. Waliniuliza: nyumba ni safi? Nikaandika ni safi. Waliniuliza: anatunza mama yake? Nikaandika anamtunza. Juu ya ukuta habakuniuliza." Alikunja karatasi zile tatu pamoja. "Uongo weye ulinambia, ule ni wa weye na miye. Na miye nilikosa, kukuuliza mbele ya muzungu. Mbele yake ungejibu nini? Njo sababu nilikupa shairi, useme siku yeye hayuko. Hawa wawili niliwangojea vilevile. Mumoja amekaa na uongo wake mwaka, mwingine tangu mvua. Weye, wiki mbili."

Sijui kama kuna neno katika lugha yangu kwa kile nilichohisi. Mwili wangu ulihisi kabla ya akili. Mabega yalishuka, na ndipo nikagundua kwamba yalikuwa yamepanda tangu siku ya kamati. Niliisikia harufu ya maharagwe mabichi, na ya moshi kutoka kwa jirani, kama mtu aliyetoka kwenye homa. Nilikuwa nimetayarisha moyo wangu kwa adhabu kubwa na yenye heshima, na badala yake nilipewa nafasi kwenye benchi, katikati ya waongo wenzangu, watu wema.

"Sasa," akasema mwenyekiti, "tulikuya kusikia shairi. Kuko shairi?"

Niliomba beseni. Mama alishangaa, lakini alimwaga maharagwe juu ya ungo, akanipa. Nililiweka mezani, pale walipoweza kuliona wote, nikasoma mistari yangu minane: lami, ribiti, fundo ndani na fundo nje. Niliona wanainama kutazama kila tundu nilipolitaja, na nilijua, kwa furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa maneno yangu, kwamba walikuwa wakikagua na kukuta ni kweli. Kisha nikafika mstari wa saba na wa nane, nilipoandika kwamba tundu la kwanza, lile la lami, lilitoboka siku ya kifo cha baba, beseni lilipoponyoka mikononi mwa mjane na kuanguka juu ya mawe.

"Nani alikwambia vile?"

Ilikuwa sauti ya mama.

Nikageuka. "Mama, nilifikiri..."

"Unafikiri! Siku baba yako alikufa beseni ilikuwa kwa jirani, inapikiwa pombe. Lile tundu ni weye. Weye mwenyewe! Ulikuwa na miaka sita. Uliingia ndani ya beseni yangu mpya, ukapanda nayo juu ya kichuguu kule nyuma ya reli, ukateremka nayo kama gari la moshi, unalia tuu, tuu, mpaka chini, kwenye chuma. Beseni ikatoboka, na weye ukatoboka hapa." Akagusa paja lake, mahali ambapo mimi nina kovu na ambapo sikuwahi kujua sababu yake. "Baba yako akachukua lami mukononi, anataka kuziba, anacheka mpaka lami inaganda. Mara tatu aliipasha tena moto. Sasa mbele ya bantu unasema ni kilio!"

Wenzangu walikuwa wamekwisha kwa kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, miwani imemwanguka kwenye tai. Nami nilisimama pale na kitabu changu cha mazoezi, nikiwa nimekamatwa kwa mara ya pili siku hiyo hiyo, na hakuna kilichoniuma. Nilikuwa nimemwona baba yangu. Miaka miwili nilikuwa nimemkumbuka akiwa amelala tu, chini ya shuka la hospitali, na sasa alikuwa amechuchumaa uani, mikono myeusi kwa lami, hawezi kuziba tundu kwa sababu ya kicheko.

"Futa ile mistari miwili," mwenyekiti akasema alipoweza kusema.

Nilikuwa nimeshaifuta. Nilivuta kiti changu mpaka karibu na kiti kifupi cha mama, nikaweka kitabu cha mazoezi juu ya goti.

"Mama, anza tena kwenye kichuguu. Polepole, niandike."

"Uandike nini," akasema mama, akirudi kwenye maharagwe yake. "Beseni iko pale." Lakini alikuwa ameanza kusimulia.